Nusu ya Sigara ya Asubuhi

Shamba la Daktari,
Barabara ya Njoro, Nakuru.
3 Juni 1973

Ndugu Kimaiyo,

Wewe uliondoka kiwanda cha mbao Elburgon mwezi wa tatu ukikohoa. Mimi nimeondoka mwezi wa tano bila kukohoa, lakini sababu ni ile ile. Nyapara alinipa mtu mwingine ashike upande wako wa msumeno. Ana nguvu, anavuta vizuri, ila hajui kuachia mwenzake avute. Miaka kumi na moja nimezoea mkono wako. Jioni mabega yaliniuma kama siku ya kwanza ya kazi. Nikakunja blanketi langu nikateremka Nakuru.

Kazi niliyopata ukiisikia utasema nimelewa. Nalisha tumbili wanaovuta sigara.

Hili lilikuwa shamba la Mzungu, na banda la farasi limegeuzwa kuwa mahali pa utafiti. Tumbili ni wanne na hawana majina, wana namba tu, Sita hadi Tisa. Kila siku saa mbili asubuhi kila mmoja huingizwa kwenye sanduku la kioo lenye mirija miwili. Mrija mmoja unatoa moshi wa sigara, mwingine unatoa hewa tu. Walifundishwa kidogo kidogo kwa maji ya sukari, na siku hizi hawahitaji sukari. Wanakwenda wenyewe kwenye moshi, na mashine inahesabu kila wanapovuta.

Daktari ni Mzungu mrefu asiyeongea sana. Anayeandika daftari ni Bwana Bhupendra, anayekuja na pikipiki kutoka mjini. Siku ya kwanza alinieleza hivi: "Khaemba, hii tumbili iko kama wewe. Mkono inaenda yenyewe." Nikamwambia mimi si tumbili. Akasema, "Basi acha sigara leo." Nikachukua ndoo nikaenda kuchota maji.

Lakini sikiliza hili, maana ndilo lililonifanya nikuandikie. Wanatafuta dawa ya kumfanya mtu asiitamani sigara tena. Wanataka waijaribu kwa hawa wanne kwanza. Ikionekana inafanya kazi, mtu wa kwanza nitakayemfikiria ni wewe.

Nyumbani Kimilili sijaenda. Tangu mke wangu Nanyama afariki, nikifika pale naketi kama mgeni anayesubiri kuulizwa ametoka wapi.

Ni mimi,
Khaemba

*

Karibu na Kapsabet.
20 Juni 1973

Ndugu Khaemba,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na Chepchirchir aliisoma mara moja akacheka mpaka akaacha chai ikamwagika. Anasema mwambie shemeji awasalimie hao wavutaji wenzake.

Mimi niko. Hospitali walinipiga picha ya kifua wakanionyesha kwa kidole kwenye karatasi nyeusi. Daktari alisema nikiendelea na sigara nisimlaumu mtu. Nimejaribu, Khaemba. Nilikaa siku nne. Siku ya tano niligombana na ng'ombe. Chepchirchir ameficha kiberiti, basi nachukua kaa la moto jikoni naenda kuvutia nyuma ya zizi, mtu mzima nimejibanza kama mwizi wa kuku.

Ukisikia habari ya hiyo dawa usichelewe kuniandikia. Sitaki kukuongopea, naihitaji.

Nina swali moja. Sisi sigara moja tuligawana miaka yote. Tulitia alama ya ukucha katikati, mmoja anavuta mpaka alama, mwenzake anamalizia. Sasa hiyo nusu unampa nani?

Wako,
Kimaiyo

*

Nakuru.
15 Julai 1973

Ndugu Kimaiyo,

Umeniuliza swali ambalo sikutaka mtu aniulize. Nusu nampa Tisa.

Usicheke. Huyu Tisa ni dume la makamo, aling'ata wenzake, kwa hiyo kizimba chake kiko mbali. Saa kumi na mbili asubuhi nawatoa wote nje wapate hewa nikisugua banda, na Tisa namweka nyuma ya stoo, mahali ninapovutia. Hapa si kama Elburgon ambako tulikuwa na kelele za mashine na watu wakitukanana kwa lugha nane. Naweza kukaa tangu Jumamosi mchana mpaka Jumatatu nisiongee neno.

Basi asubuhi moja wiki hii nilivuta mpaka alama ya ukucha, na bila kufikiri nikanyoosha mkono na ile nusu, kama ninavyokunyooshea wewe. Mkono ukabaki hewani. Nikaona aibu ingawa hapakuwa na mtu. Ndipo Tisa akatoa vidole vyake katikati ya waya akaichukua, polepole, bila kunyakua. Akavuta. Akaniangalia. Tangu siku hiyo tunagawana. Nadhani hakuna ubaya, mbona wenyewe wanampa moshi kila siku.

Majaribio ya dawa yameanza Jumatatu. Daktari amefunga vikaratasi vyenye namba, ndani mna unga mweupe. Kazi yangu ni kuupaka kwenye ndizi. Dawa yenyewe, anasema Bhupendra, ni kidogo kuliko punje ya chumvi, ndiyo maana wanaichanganya na unga wa mahindi ipate kupimika. Wawili wanapewa dawa, na wawili wanapewa unga mtupu bila dawa, ili waone tofauti. Nani anapewa nini anajua Daktari peke yake, ameiandika kwenye bahasha akaifunga.

Vumilia.
Khaemba

*

Nakuru.
12 Agosti 1973

Ndugu Kimaiyo,

Inafanya kazi!

Nimeona kwa macho yangu. Tisa, ambaye alikuwa akivuta mrija wa moshi mara sitini asubuhi moja, sasa anavuta mara nane, mara tano. Jana alivuta mara mbili, akakaa akijikuna tumbo. Sita naye amepungua, na Saba kidogo. Nane peke yake ndiye anayevuta kama zamani, basi huyo lazima ni wa unga mtupu. Bhupendra aliandika huku anapiga mluzi.

Nimefanya jambo ambalo si la haki, na ninakuambia wewe tu. Kila siku kwa siku tisa nimepunguza nusu ya kikaratasi cha Tisa. Nimechagua chake kwa sababu ndicho chenye nguvu kuliko vyote, umeona mwenyewe. Unga wake uko ndani ya barua hii, kwenye karatasi ya buluu. Lamba kidogo kila asubuhi kabla ya chai. Mimi sijauonja, kwa kuwa Daktari alisema atakayeonja atafukuzwa, na nimeona niibe tu, nisiibe na kuonja.

Niandikie upesi.
Khaemba

*

Karibu na Kapsabet.
2 Septemba 1973

Ndugu Khaemba,

Dawa imefika. Nimeilamba kama ulivyosema. Sasa ni wiki ya pili sijagusa sigara. Asubuhi naamka, mkono hauendi mfukoni. Kifua kimefunguka kidogo, jana nilipanda mpaka kwa kaka yangu bila kupumzika.

Usitume nyingine. Hii imetosha kabisa. Usiibe tena, nakuomba, usije ukafukuzwa kwa ajili yangu.

Chepchirchir anakusalimu.
Kimaiyo

*

Nakuru.
7 Oktoba 1973

Ndugu Kimaiyo,

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo nitaanza na Ijumaa.

Ijumaa Daktari alifungua bahasha mbele ya Bhupendra, nami nikiwa mlangoni na ufagio. Waliokuwa wakila dawa ni Sita na Saba. Nane na Tisa walikuwa wakila unga mtupu.

Ndiyo. Tisa. Ule niliokutumia ni unga wa mahindi wa kusonga sima, hata chembe ya dawa haimo.

Nilifurahi kwanza kwa ajili yako, nikasema Kimaiyo ni mwanamume, ameacha kwa moyo wake. Kisha nikasikia Daktari akimwambia Bhupendra kwamba kazi yote imekwisha. Kwa maana tumbili mmoja wa unga mtupu ameacha moshi kuliko wale wa dawa. Basi dawa haina kitu, waliopungua wamepungua tu. Anawaandikia wenye dawa huko Ulaya kwamba haifai.

Nilikuwa nimeshika ufagio, na nikaelewa yote pale pale. Tisa hakuacha kitu. Saa kumi na mbili amevuta nusu ya sigara yangu, saa mbili anaingizwa kwenye sanduku akiwa ameshiba. Angeutakia nini ule mrija? Sita na Saba hawakupewa nusu ya sigara na mtu. Huenda dawa ni ya kweli, Kimaiyo. Huenda mimi ndiye niliyeiua kwa vidole vyangu viwili.

Sikusema neno. Nikisema nitafukuzwa, na chumba ninacholala ni cha shamba. Nikinyamaza, dawa itatupwa. Najiambia, Kimaiyo tayari ameacha, yeye haihitaji tena. Je, nina deni gani kwa watu nisiowajua?

Wewe ungefanyaje?
Khaemba

*

Karibu na Kapsabet.
16 Oktoba 1973

Khaemba,

Nyamaza. Una miaka arobaini na saba na mgongo mbovu, nani atakuandika kazi tena? Kama unanyamaza kwa ajili yangu, mimi niko sawa. Nilishakuambia nimeacha. Unga au dawa, si kitu.

Achana na jambo hili. Niandikie habari nyingine, mvua na kadhalika.

Kimaiyo

*

Karibu na Kapsabet.
21 Oktoba 1973

Shemeji Khaemba,

Mimi ni Chepchirchir. Sijawahi kukuandikia, na Kimaiyo hajui kwamba naandika. Barua yako ya tarehe saba nimeiona kwa sababu aliiacha chini ya godoro, na mimi ndiye ninayetandika.

Kimaiyo hajaacha sigara hata siku moja tangu unga wako ufike. Alifungua ile karatasi ya buluu, akalamba, akacheka mpaka akakohoa. Akaniambia, "Mama, Khaemba ameniletea sima mbichi kutoka Nakuru." Dawa tunaijua, ni chungu. Huu haukuwa na uchungu wowote. Karatasi ameiweka ndani ya Biblia.

Nilimwambia akuandikie ukweli. Akakataa. Alisema akikuambia haikufanya kazi utaiba tena, watakukamata. Akasema pia barua yako ilikuwa na furaha, na hajasikia furaha kutoka kwako tangu mke wako afe. Ndiyo maana akaandika kwamba ameacha.

Tangu wiki iliyopita anatema damu. Si nyingi, lakini ni damu. Anaifukia kwa mguu akidhani sioni.

Sikuambii ufanye nini na Daktari wako. Nimeona tu si vizuri uamue ukifikiri mtu fulani amepona, na hajapona.

Chepchirchir

*

Nakuru.
28 Oktoba 1973

Ndugu Kimaiyo na Shemeji Chepchirchir,

Nawaandikia nyote wawili ili pasiwe na godoro tena.

Alhamisi saa moja na nusu asubuhi nilimngoja Daktari kwenye ngazi. Nilimweleza yote, nusu ya sigara na nusu ya unga. Nilieleza kwa Kiswahili na Bhupendra akageuza kwa Kiingereza, na alipofika mahali pa sigara akanigeukia kwanza, akaniuliza kama nimesema hivyo kweli. Nikamwambia geuza.

Daktari hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alikaa kwenye ngazi palepale na viatu vyake vizuri, akaniuliza swali moja.

"Kwa nini?"

Nikasema, "Nusu ilikuwa inabaki."

Bhupendra hakuligeuza lile mara moja. Alifikiri, kisha akasema maneno mengi kuliko yangu. Sijui alisemaje.

Barua ya kwenda Ulaya ilikuwa bado iko mezani. Ameichana. Watarudia kazi yote na tumbili wengine, na itachukua mwaka au zaidi. Nilimwomba dawa yenyewe ile ya Sita, kidogo tu, nikamweleza habari zako. Alikataa. Alisema tumbili wawili hawatoshi kumwambia chochote, na huenda ikakuua kabla ya sigara. Nadhani alisema kweli, lakini nilimchukia mpaka jioni.

Tarehe ishirini ya mwezi ujao naondoka. Hiyo ndiyo sheria yao, nami niliijua.

Wewe Kimaiyo uliniongopea. Mimi nilikuletea sima. Sijui nani amemdanganya mwenzake zaidi. Ila ningejua unatema damu ningesema siku ileile ya bahasha.

Tisa hawamtaki tena kwa majaribio, amekwisha haribika kwa kazi yao. Asubuhi hii sikuwasha sigara. Alitoa mkono. Akauacha nje ya waya mpaka nilipomaliza kusugua banda lote.

Sina mahali pa kwenda isipokuwa Kimilili.
Khaemba

*

Karibu na Kapsabet.
4 Novemba 1973

Ndugu Khaemba,

Chepchirchir amekaa mbele yangu na hatoki mpaka niandike, basi naandika yote.

Ni kweli sikuacha. Lakini kuna kitu ambacho hata yeye hakukijua mpaka jana. Tangu niondoke Elburgon, kila sigara ninayowasha navuta mpaka katikati, hapo mkono unasimama wenyewe. Si kwa akili wala kwa kujizuia. Hata alama ya ukucha siweki tena, vidole vinajua. Nikifika hapo naizima. Hiyo nyingine ni yako. Naiweka kwenye kopo la kakao juu ya zizi. Siku nikiishiwa naliangalia lile kopo, nalirudisha, natembea mpaka dukani kununua nyingine, na mvua inaninyeshea. Chepchirchir anasema huo ni wazimu.

Kopo limejaa. Jana nilimwonyesha. Nilidhani atalitupa jalalani, lakini alikaa nalo mapajani.

Nataka kuzichoma, nikizichoma niache. Peke yangu siwezi. Nitazitia motoni kwa mkono huu na kuziokota kwa huu mwingine, najijua. Wewe una haki nazo, ni nusu zako. Kimilili hakuna anayekungoja. Hapa kuna kuni hazijakatwa tangu mwezi wa tatu, na msumeno una mishikio miwili.

Njoo.
Kimaiyo

*

Karibu na Kapsabet.
9 Desemba 1973

Bwana Bhupendra,

Usishangae kupata barua yangu. Nimepata anwani kwenye kile kipande cha karatasi ulichonipa pamoja na chakula cha njiani, ambacho nilikila chote nikiwa bado Molo.

Mwambie Daktari yule rafiki yangu wa kifua yuko hai. Siku niliyofika tulichoma kopo zima la sigara nyuma ya zizi. Tulisimama upepo unakotoka, moshi usitufikie, na kila mmoja alimshika mwenzake mkono, si kwa mapenzi ila kwa kutoaminiana. Leo ni siku ya kumi na tisa kwake, na kwangu ni ya arobaini na tatu. Hakuna dawa. Asubuhi tunagombana kwa vitu vidogo, mke wake anatutupa nje wote wawili tukakate kuni. Anavuta msumeno mara nne anapumzika. Mimi naachia. Damu ingali inakuja siku nyingine, na hospitali hawaahidi kitu, kwa hiyo nami sikuahidi wewe.

Nakuandikia kwa sababu ya Tisa.

Najua ana mlishaji mpya na sijui ni mtu wa namna gani. Mwambie kizimba chake akigeuze kielekee kwa wenzake, kama atang'ata na ang'ate. Jambo lingine naona haya kuliandika, lakini wewe uligeuza maneno yangu siku ile kwenye ngazi, basi utalielewa hili pia.

Saa kumi na mbili asubuhi atatoa mkono kwenye waya. Wewe huwa unakuja saa moja na nusu. Kama siku moja utaweza kuwahi, usimpe kitu. Sigara usimpe, na hata ndizi si lazima. Mshike vidole kidogo, basi. Hanyakui.

Ni mimi niliyekuwa mfanyakazi wako,
Khaemba